Gari Hili Limezoea Kunywa Nini

Nimestaafu. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaodhani fundi wa gereji hastaafu, anaishiwa nguvu tu akahamia kivulini kutoa maoni. Mimi nimeondoka kwa hiari yangu, mgongo ukiwa bado unakubali kuinama, na spana zangu nimewaachia ninyi mnaofanya kazi sasa pale gereji yetu ya Tunduma, ambapo foleni ya malori ya mpakani hututia vumbi mwaka mzima. Siku mliponipikia pilau ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza: kwa haya magari ya zamani, mzee, tuweke oili ya sintetiki au ya kawaida? Nikasema nitajibu. Nikaona ameridhika, akarudi kwenye nyama yake. Basi jibu ni hili, nalo limekuwa refu kuliko swali.

Nilizaliwa Ruanda, huku Mbozi, kwenye kahawa, na nilikwenda Tunduma kujifunza ufundi nikiwa sijui hata boneti hufunguliwa kwa upande gani. Aliyenipokea ni mzee Sichone, Mnamwanga ambaye nusu ya ndugu zake walikuwa Tunduma na nusu ng'ambo, Nakonde. Alikuwa amejifunza kazi kwenye gereji za migodini Zambia, akarudi na sanduku la spana, hasira za karibu na maneno ya Kibemba. Kijana yeyote kwake alikuwa "mwaice". Alinifundisha kazi miaka mingi, na sikumbuki siku aliyoniita kwa jina langu, Silwimba, ila siku aliyonikabidhi gereji.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa nguo kuukuu, tayari kuchafuka. Mzee Sichone akaniambia nikae kwenye benchi. Lilikuwa benchi la mbao karibu na mlango, la wateja, wala mafundi hawakulikalia. Pale gereji kulikuwa na desturi ambayo sikuiona mahali pengine popote: gari la zamani likija kwa mara ya kwanza, halifunguliwi hata boneti mpaka mwenyewe akae kwenye benchi lile aseme limezoea kunywa nini. Oili gani, nzito au nyepesi, aliinunua wapi, nani aliitia, na kama aliichanganya, aliichanganya na nini. Oili ya injini, ya gia boksi, ya difu, mafuta ya breki, hata maji ya rejeta. Mzee alisikiliza bila kumkatiza mtu, kama mshenga anavyosikiliza upande wa pili. Kazi yangu siku ile nzima ilikuwa kukaa pale nikasikiliza naye, na nilirudi nyumbani nikiwa safi na nimekasirika.

Baadaye nilielewa kwa nini alianza na masikio yangu kabla ya mikono. Wateja walidanganya. Wengine waliona aibu kusema kwamba walitia oili iliyomwagwa kutoka kwenye lori la mtu, ikachujwa kwa khanga. Wengine walinunua kwenye chupa za maji, zimejazwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina. Mzee hakubishana nao. Akishamaliza kusikiliza, alichomoa kipimo cha oili, akadondosha tone moja kwenye kipande cha gazeti, akakianika juani. Tone likisambaa, katikati kukabaki weusi na pembeni kukawa na duara la rangi ya chai, oili bado ina uhai. Likibaki bonge jeusi lisilotaka kutembea, ndani ya injini kuna matope. Kisha alinusa, akasugua kati ya vidole viwili, na ndipo akaita spana.

"Panono panono, mwaice," aliniambia kila aliponiona nina haraka, yaani taratibu. "Kwanza tujue limetokea wapi."

Kesi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa Pijo 404 ya mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Mlowo. Asubuhi za baridi gia zilikataa kuingia, akipigana na mkono wa gia mpaka jasho linamtoka, lakini jua likipanda gari linakuwa zima kabisa. Mafundi wengine walishamwambia gia boksi imekufa, na mmoja alikuwa ameifungua na kuifunga tena bila kupata kitu. Nilimkalisha kwenye benchi. Akaapa kwamba hajabadilisha chochote. Nikaendelea kukaa kimya kama nilivyofundishwa, na kimya kilipomchosha akakumbuka kwamba, ndiyo, kuna kopo la oili ya gia alilinunua Nakonde, nzito kama asali, akaona heri aipe gari lake kitu kizuri. Sasa, gia boksi ya Pijo ya namna ile hainywi oili ya gia. Inakunywa oili ya injini ya kawaida, ndivyo ilivyotengenezwa. Ile nzito, kwa baridi ya Mbozi ya mwezi wa saba, ilikuwa inaganda mle ndani. Tulimwaga, tukatia ya injini, gia zikaingia zenyewe. Mwenye gari hakuamini kwamba kazi ilikuwa hiyo tu. Alisimama pale kama mtu aliyekwenda hospitali akarudishwa bila sindano. Mzee Sichone akaniagiza nikaze nati mbili za gurudumu mbele ya mteja, na hapo mtu wetu akaondoka ameridhika.

Nyingine haikuwa ya kucheka. Alikuja mtu na pikapu kuukuu kutoka Mbangala, bondeni kule kwenye joto. Mafuta ya breki yalikuwa yamemwishia njiani, akaona mafuta ni mafuta, akajazia oili ya injini. Mipira ya breki za zamani haiivumilii oili. Inavimba, inakuwa laini kama maandazi yaliyolowekwa. Breki zake zilishika zenyewe kwenye mteremko, kisha zikaachia, kisha zikashika tena, magurudumu yakitoa moshi. Alipofika kwetu alikaa kwenye benchi, na yule hakutudanganya hata neno moja. Tulitupa mipira yote, tukaosha mabomba yote, tukaanza upya. Mzee Sichone hakumgombeza. Ila usiku wa siku ile nilimfikiria sana mke wa yule bwana, ambaye alikuwa amekaa mbele naye na hakujua lolote.

Kwa hiyo hili la breki nawaachia kama sheria. Oili ya injini ukikosea utachafua uwanja. Breki ukikosea utazika mtu. Kuna mafuta ya breki ya kawaida na kuna yale ya silikoni yanayosifiwa kwa magari ya kutunzwa, na hayo mawili hayachanganyiki. Gari likija na hakuna mtu hai anayejua lilitiwa nini, msikisie kwa rangi. Mwageni yote, badilisheni mipira, mtie ya kawaida inayojulikana, na mwenye gari aambiwe mbele ya shahidi.

Sintetiki ilipoanza kuonekana kwenye maduka ya hapa mpakani, wazee waliikataa kwa sababu ya jina lake. Kwetu sintetiki ilikuwa viatu: vinang'aa Jumapili mbili, ya tatu vinapasuka. Nami nilibisha pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wengi. Kisha tukaanza kuitia kwenye magari mapya ya wafanyabiashara, nikaona mwenyewe. Asubuhi ya baridi inafika juu ya injini mara tu unapowasha. Ukishuka nayo Mbangala kwenye joto haigeuki maji. Inakaa safi muda mrefu. Ni oili nzuri, na asije mtu akasema kwamba mzee Silwimba aliipinga sintetiki.

Tatizo la magari ya zamani ni kile ambacho oili hiyo inakikuta ndani. Injini iliyokunywa oili ya kawaida miaka na miaka, mara nyingi bila kubadilishwa kwa wakati, imejaa matope. Sili zake, ile mipira inayozuia oili isitoke, zimekauka, zimekuwa ngumu, na mahali zilipopasuka yale matope yameziba. Oili mpya nyepesi yenye dawa kali ya kusafisha inakuja inaosha. Inaosha vizuri sana. Inaosha mpaka kile kilichokuwa kinazuia isivuje. Mwenye gari anaamka anakuta ziwa chini ya injini, na anasema fundi ameua gari lake. Kama injini imefunguliwa, imesafishwa, sili ni mpya, tia sintetiki kwa amani. Kama haijawahi kufunguliwa na hujui historia yake, kaa na ya kawaida ya uzito wake, uibadilishe mapema. Hapo ningeweza kuishia, kama isingekuwa Landrova ya Mama Ambakisye, ambayo ilinifundisha kwamba hata hesabu hiyo ina mwenyewe.

Mume wake, marehemu mzee Nzowa, alikuwa mteja wangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Tulitoka kata moja, tukawa marafiki kiasi kwamba mke wake ananiita shemeji nami namwita shemeji. Landrova yao ni ile ndefu ya zamani, ya kijani kilichopauka, waliyoinunua kutoka shamba kubwa lililofungwa. Mzee Nzowa alikuwa mtu mwema na mbishi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwaga oili. Aliongezea tu. Nikimwambia ibadilishwe, ananijibu, "Silwimba, wewe unapenda sana kumwaga." Macho yake yalipoanza kufifia alimfundisha mke wake kuendesha, na mama yule, akiwa tayari na wajukuu wa ndugu zake, akawa anapeleka kahawa Mlowo mwenyewe. Tunduma alikataa kuja. Alisema malori hayana adabu.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ambakisye. Baba alitaka abaki kwenye kahawa, mtoto akaenda Dar es Salaam kufanya kazi ya maghala. Waligombana vibaya. Mwaka uliofuata kijana akamtumia baba yake koti zito kwa basi, na mzee Nzowa akalirudisha kwa basi lile lile, halijafunguliwa. Baada ya hapo hakuna aliyempigia mwenzake simu. Mzee alipofariki Ambakisye alikuja kuzika, akakaa siku za matanga, akaondoka. Kwa mama yake alipiga simu mara moja moja, simu fupi za kuuliza afya.

Sasa, mwaka wangu wa mwisho kazini, Mama Ambakisye alinipigia akasema, "Shemeji, mafuta ya Landrova yamefika. Njoo uyatie."

"Mafuta gani?"

"Ya Ambakisye."

Nilipanda mpaka Ruanda. Kumbe alikuwa amemwambia mwanawe kwenye simu kwamba gari la baba limeanza kutoa moshi na kelele, na kijana akaulizia huko mjini ni oili gani bora kuliko zote, akainunua, akaituma. Boksi zima la makopo lilikuwa sebuleni, juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Nilisoma maandishi. Sintetiki tupu, nyepesi, ya magari ya kisasa. Nikatoka nje, nikachomoa kipimo, nikadondosha tone kwenye gazeti. Lilibaki bonge jeusi, halikusogea hata kidogo.

Nikamkalisha kizingitini nikamweleza. "Shemeji, haya ni mafuta mazuri sana."

"Najua. Ametuma Ambakisye."

"Lakini injini hii haiyawezi. Yataosha uchafu ulioziba sili za zamani."

"Halafu gari litafanya nini?"

"Litavuja."

"Litavuja sana?"

"Sana, shemeji."

"Basi nitaweka beseni."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanikumbusha habari ya lile koti, ambayo niliijua, ila sikuwa nimewahi kuisikia kutoka kwake. Alikuwa amemsihi mumewe angalau alifungue, akalijaribu. "Miaka yote ile hakutuma kitu tena," alisema. "Haya ndiyo ya kwanza. Ukiyarudisha, hata simu hatapiga. Mimi sina mtoto mwingine. Tia, litavuja nitafagia."

Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Nikitia, nitaliua gari ambalo ndilo miguu yake ya kwenda Mlowo na kanisani. Nisipotia, nitakuwa nimemrudishia kijana zawadi ya pili. Kutia ya kawaida na kusema nimetia yake nilikufikiria, na sikuweza, maana mama yule angeniuliza macho kwa macho. Nikaomba anipe siku chache. Nikashuka Mlowo, nikakaa mahali penye kivuli nikampigia Ambakisye.

Nilimweleza taratibu, sili, matope, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yanarudi, fundi," akasema.

"Hayarudi. Yako kabatini kwa mama yako, yamefunikwa kitambaa."

"Sawa. Yamekataliwa bila kurudishwa. Hiyo ni afadhali."

Maneno yale yaliniuma. Nikamwambia kuna njia moja ya mafuta yake kuingia kwenye gari lile bila kuliua. Tuifungue injini yote, tuisafishe, tubadilishe sili, tuianze upya. Lakini ni kazi ya watu wawili, mimi umri umekwenda, na sina mtu ninayemwamini na gari la baba yake. Ninyi mlikuwepo wakati huo pale gereji, na baadhi yenu mlikuwa mmekaa tu mnacheza drafti. Mnisamehe.

"Mimi si fundi," alisema.

"Sijasema uje kuwa fundi. Nimesema uje."

Alikuja mwezi wa saba, kahawa ikiwa inachumwa, na gari lake dogo limejaa vumbi la njia nzima. Mama yake hakulia. Alimshika mikono, akaigeuza akaitazama, akamwambia chakula kiko mezani. Kesho yake asubuhi, kwa baridi ile ya kwetu inayoingia kwenye vifundo, tuliishusha gia boksi. Sili ya nyuma ya krenki kwenye injini ile ni ya vipande viwili vinavyokutana, na huifikii bila kushusha vitu vizito, ndiyo maana mafundi wengi huipaka gundi ya nje wakakimbia. Sili mpya nilizipata ng'ambo, kwa mtu aliyekuwa na mabaki ya mashamba ya zamani.

Tulipoifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, Ambakisye alirudi nyuma. Matope yalikuwa mazito, meusi, yamekaa kama ugali uliosahaulika jikoni. Alianza kuyachota kwa upawa uliokwisha kazi aliopewa na mama yake.

"Hii ni oili ya mwaka gani?" aliuliza.

"Ya miaka yote. Baba yako hakuwahi kumwaga kitu."

Aliendelea kuchota. Kisha akasema, bila kunitazama, "Alinimwaga mimi."

Akakaa kwenye tairi na upawa mkononi, akalia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti, mabega tu. Nami niliona uchungu, kwa sababu nilikuwa na jambo nililolijua siku zote na sikumwambia mtu. Nikamwambia pale pale. Wiki ile aliyorudisha koti, baba yake alikuja gereji Tunduma, gari likiwa halina tatizo lolote. Akakaa kwenye benchi la wateja mpaka mchana. Nilimuuliza limefanya nini, akasema halijafanya kitu. Alipoinuka kuondoka akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua, kama koti la kununuliwa Dar linaweza kufaa kwa baridi ya Mbozi. Nikamwambia linafaa. Akasema, haya, akawasha gari.

"Akasema haya tu?" Ambakisye aliuliza.

"Haya tu. Unamjua baba yako."

Alifuta uso kwa kiwiko, akajipaka oili shavu zima, akarudi kuchota. Kuanzia saa ile aliacha kuniita fundi, akawa ananiita baba mdogo.

Tuliosha injini kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikaonyesha rangi yake. Tukatia ringi mpya, sili mpya, gasketi zote. Mama Ambakisye alikuwa karibu muda wote, anachambua kahawa kwenye ungo, haulizi kitu. Nilimweleza kijana kwamba injini iliyotoka kufunguliwa haianzi na sintetiki. Ringi mpya zinahitaji kuzoeana na silinda, na sintetiki inateleza mno, zinaweza zisikae vizuri. Mwanzo ni oili ya kawaida, gari litembee polepole miezi kadhaa, halafu imwagwe, na ndipo injini ikiwa safi na sili zikiwa nzima, mtu anaweza kuchagua anachotaka.

"Nitakuja kuibadilisha mimi," Ambakisye alisema. "Na kila ikifika wakati wa kubadilisha oili ya gari hili, nitakuja mimi. Asiguse mtu mwingine."

Niliahidiwa vitu vingi na wateja katika maisha yangu, kwa hiyo nilimwitikia tu. Mama yake aliacha kuchambua kidogo, kisha akaendelea.

Na kweli alikuja, siku chache kabla ya Krismasi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kuwaachia ninyi spana, na kazi yenyewe ilikuwa kusimama na kutazama. Chini ya injini pakavu, hata tone. Ambakisye alilala chini ya gari mwenyewe, akafungua nati, akamwaga, akabadilisha filta, akafunga. Akaingia ndani akatoka na lile boksi, bado na kitambaa chake juu. Akatoa kopo la kwanza, akavunja lakiri. Nilikuwa nimeleta pia ya kawaida, nimeiacha pembeni, maana fundi hafiki kwenye kazi na chaguo moja.

"Shemeji," Mama Ambakisye akaniita kutoka kwenye kigoda chake. "Hayo ya Ambakisye yakishaingia, yanakaa muda gani?"

"Muda mrefu," nikamwambia. "Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kwa mwendo wako wa Mlowo na kanisani, mwaka mzima huna haja ya kuyagusa."

"Na hayo mengine ya kawaida?"

"Hayo yanataka kubadilishwa mara kwa mara. Mara tatu, nne kwa mwaka, ukitaka injini hii idumu."

Aliweka ungo chini. Akatazama makopo ya mwanawe, akatazama dumu langu la oili ya kawaida lililojaa vumbi la njiani.

"Tia ya kawaida," akasema.

Ambakisye alibaki na kopo mkononi. "Mama, haya ndiyo bora. Nilikununulia haya. Sasa hivi injini inayaweza, muulize baba mdogo."

Akanigeukia nimsaidie. Nilitaka kueleza habari za uzito na joto, nikaona sina haja. Nikamwambia mama yake amechagua sawasawa.

"Najua ni bora, mwanangu," Mama Ambakisye akasema. "Hayo katie kwenye gari lako. Ndilo linalotoka mbali."